Pale Walipozika Kitovu

Tumaini, mtoto wa kaka yangu, ni daktari wa mifugo, na anaamini kwamba mstaafu akiachwa ndani sana huota ukungu. Ndiyo maana mwezi uliopita alinipitia nyumbani kwangu Ilomba, akanipakia kwenye gari pamoja na sanduku lake la vifaa, tukaenda Uyole kwa mtu mmoja anayefuga punda wa kubebea viazi. Punda jike mmoja alikuwa amezaa wiki ile na mtoto alikuwa ananyonya kwa kusitasita. Tumaini alimlaza huyo mtoto ubavu, akamnyoa manyoya ya chini ya tumbo, akampaka ute wa baridi kutoka kwenye chupa, kisha akapitisha kifaa cha altrasaundi polepole kuanzia kitovuni kwenda mbele upande wa ini, halafu akarudi nyuma upande wa kibofu. "Shangazi, sogea uone," akaniambia. Kwenye kioo palikuwa na rangi ya kijivu inayotikisika, na katikati yake kiduara cheusi. Huo ndio uliokuwa mshipa wa kitovu. Akaupima kwa kubonyeza vitufe, akakunja uso. Mshipa ulikuwa umenenepa kuliko inavyotakiwa, ingawa kwa nje kitovu chenyewe kilikuwa kikavu na safi. "Kwa macho huwezi kujua kitu," akasema. "Ugonjwa umejificha huku ndani." Nikamjibu kwamba sisi tulitumia vidole viwili na pua. Alicheka, nami nikacheka naye, halafu nikaomba nitoke nje kidogo. Nilisimama nyuma ya zizi nikalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba asubuhi ile, wakati msiba wenyewe una umri wa karibu miaka hamsini. Tumaini aliniona nikirudi na macho mekundu. Alinipa chupa ya ute nimshikie, na namshukuru kwa hilo.

Habari za wazazi wangu na za ukoo wetu kule Iringa sitazigusa hapa. Sura hii ni ya mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, nilipotoka chuoni nikapelekwa Rujewa kuwa msaidizi wa mifugo, msichana wa Kihehe mwenye viatu vya raba na Biblia ndogo ya Kilutheri aliyoiweka chini ya mto. Na ni habari za nyumba moja. Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba ya Mzee Luhende isihame. Nilikitaka kitu hicho asubuhi nikipiga mswaki na jioni nikivua viatu. Nikiulizwa leo ujana wangu ulikuwa na ukubwa gani, nitasema ulikuwa na ukubwa wa boma lile, la miti ya miiba, na nyumba tatu za udongo ndani yake.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma, katika nyumba ya mjane mmoja wa Kisangu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza isiyokaa sawa, na dirisha dogo lililotazama mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ikiwaka, vumbi la pumba lilipita dirishani likatua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Mpaka leo nikipita mahali wanapokoboa mpunga, mwili unasimama wenyewe kabla akili haijajua kwa nini. Mjane alikuwa mwema lakini alikuwa mtu wa kulala mapema na kusema kidogo, na mimi nilikuwa nimezoea bweni, wasichana wanane chumba kimoja, kelele mpaka matroni aje. Rujewa nilipika wali wangu kwenye jiko la mafuta ya taa, nikala peke yangu, nikimsikia mjane upande wa pili wa ukuta akila wake peke yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, watu wawili na sufuria mbili, na nilidhani ndiyo kazi ya serikali ilivyo.

Mzee Luhende nilikutana naye kwenye josho. Watu wa kwao walikuwa wameanza kushuka Usangu kutoka Usukumani, pamoja na ng'ombe wao, wakifuata majani, na yeye alikuwa amefika masika yale na kundi zuri la ng'ombe na punda wachache wa mizigo. Alisimama mbele yangu akamtafuta bwana mifugo nyuma yangu.

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Alinitazama kuanzia raba hadi kitambaa cha kichwani. "Haya, bwana mifugo. Amkia basi wazee."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe yangu ina kupe, na hii dawa yako naona kama chai tu."

Tangu siku ile nyumba nzima iliniita bwana mifugo. Kuna watu walimweleza kwamba mwanamke huitwa bibi mifugo, akajibu kwamba bibi yake alikuwa mmoja, na alishafariki. Kijana aliyekuwa akiwasukuma ng'ombe kwenye maji ya dawa, mtoto wake Masanja, alicheka chini chini bila kuinua kichwa. Waliposikia natoka Iringa, ambako watani husema tunakula mbwa, ndiyo ikawa balaa. Nikikaribia boma, Masanja alikuwa akitangaza kwa sauti ya utulivu kabisa, "Doto, funga mbwa, Mhehe amekuja," na Doto, dada yake mdogo, alitoka mbio kweli kumfunga mbwa. Ningeweza kukasirika. Lakini mtu aliyekula peke yake tangu afike akitaniwa husikia kama ameandaliwa mkeka.

Jiko la Mama Masanja ndilo lililonilea mwaka ule. Lilikuwa la duara, jeusi ndani kwa moshi, na mlango wake ulikuwa mfupi mpaka uiname kama unaomba msamaha. Pembeni palikuwa na vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, na kwenye dari gunia la michembe waliyokuja nayo kutoka kwao, vipande vya viazi vitamu vilivyokauka mpaka vinalia kama kokoto. Mama alivichemsha, akaviponda na karanga, akanikatia sehemu yangu kabla ya mtu yeyote. Siku nyingine ilikuwa ugali wa mtama na kambale wa kukausha aliyetoka kwenye madimbwi ya Ruaha. Siku nyingine maziwa ya mgando tu, mengi, kwenye kata. Nilisema nimeshiba, akaniambia, "Kushiba ya kwenu Iringa hiyo. Hapa bado." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, hakikuhangaika na ngeli, na alikisema polepole kama mtu anayepanga vyombo. Akishukuru alisema wabeja, na mimi nikajifunza kusema wabeja, mayu, yaani asante, mama, na kila nilipolisema Doto alijifunika uso kwa kanga akacheka. Nilikwenda pale mara moja kwa wiki kwa ajili ya kazi. Baadaye mara mbili. Baadaye nilipitisha kila njia yangu pale, hata nilipokuwa nakwenda upande mwingine wa Rujewa kabisa.

Na hapo ndipo ninapomfikia punda. Mama Masanja alikuwa na punda jike aitwaye Mwendapole, mweusi mgongoni na mweupe puani, ambaye hakuwa mali ya mume wake. Alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Wakati nilipoanza kazi, Mwendapole alikuwa ametoka kupandwa, na Mama aliniita nimtazame. Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba punda hubeba mimba mwaka mzima na siku za juu. Alinijibu kwamba hayo anayajua, yeye alitaka nimwambie kama mimba imeshika. Nilikiri kwamba siwezi. Sikuwa na kifaa cha kuona ndani ya tumbo la mtu wala la mnyama. Tulingoja sote wawili kama watu wengine, tukimtazama punda akikataa madume, akianza kuwa mkali kwa mbwa, akianza kuwa na tumbo upande mmoja. Asante ya punda ni mateke, na mimi alinipa asante mbili za paja.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa jikoni na Doto tukichambua mlenda, na wanaume walikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta wakiongea Kisukuma. Nilizoea kuyaacha maneno yao yapite kama upepo. Lakini nilisikia neno Rukwa likirudiwa, na nikaona mikono ya Doto imesimama juu ya ungo. Nikamuuliza wanasema nini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake amesikia bonde la Rukwa lina majani mengi na watu wachache, na ameshaamua. Watahama. Hawawezi kwenda sasa kwa sababu Mwendapole ana mimba na mama amekataa kumtembeza. "Baba anasema punda akizaa, kitovu cha mtoto kikikauka, tunaenda." Niliendelea kuchambua mlenda. Nadhani nilitupa majani mazima nikabakiza mabua, kwa sababu Doto aliuchukua ungo akaurudia upya.

Baada ya hapo nilimtazama Masanja kwa macho mengine, kama unavyotazama chakula ukijua sufuria imebaki kidogo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba ndama, na hakuwa mtu wa maneno. Nikitoka kwao mchana alinisindikiza mpaka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, akitembea hatua moja nyuma yangu kama desturi yao ilivyotaka, kwa hiyo mazungumzo yetu yote niliyasikia bila kuuona uso wake. Alinieleza jinsi ya kumjua ng'ombe atakayeongoza wenzake. Nilimweleza mvua ya Iringa na baridi ya Juni, ambayo hakuiamini. Siku nilipopata ujasiri nilimuuliza, nikitazama mbele, "Hivi mtaenda kweli?" Tuliendelea mpaka mferejini. Kisha akasema, "Muulize punda." Nilimpenda kwa jibu lile na nililichukia jibu lile. Nasema wazi sasa kwa kuwa wote ambao wangekasirika wameshakufa: nilimpenda Masanja. Mume wangu niliyekuja kuolewa naye baadaye alikuwa mtu mwema, na nilimlilia alipofariki, lakini sikuwahi kutembea mbele yake nikisikiliza hatua zake.

Mwendapole alizaa mwanzoni mwa masika, asubuhi, wakati umande ungali kwenye miiba ya boma. Doto ndiye aliyekuja kuniita, miguu imejaa matope mpaka magotini. Nilimkuta mtoto ameshasimama, masikio makubwa kuliko kichwa, anatafuta ziwa mahali pasipo na ziwa. Kitovu kilikuwa kimekatika chenyewe, kimening'inia, chekundu. Mama alikuwa na majivu mkononi, mimi nilikuwa na chupa ya iodini, tukatazamana. Akasema majivu yanakausha. Nikasema iodini inakausha na inaua wadudu. Tulikubaliana nianze mimi na yeye atazame. Ikishindikana, zamu yake. Masanja alimshika mtoto kifuani, mimi nikakitumbukiza kitovu kwenye kikombe cha dawa, mtoto akaruka, na sote watatu tukawa na mikono ya rangi ya kahawia kwa siku kadhaa.

Kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda sawa. Kisha asubuhi moja nilikuta manyoya ya chini ya tumbo yamelowa. Nilinusa vidole vyangu: mkojo. Mtoto akiwa tumboni ana njia ndogo ya mkojo inayopita kitovuni, na akizaliwa njia ile hujifunga. Ya huyu haikufunga, au ilifunga ikafunguka. Kitovu kinachovuja ni mlango ulioachwa wazi usiku, kila kinachopita kinaingia, na uchafu ukifika ndani huenda kwenye damu, ukakaa kwenye magoti, mtoto akavimba viungo na kufa. Nilimweleza Mama haya yote na akakaa chini palepale kwenye samadi. "Huyu ni mzao wa mama yangu," akasema. Hakukosea neno. Kwake yeye, kila kilichotoka kwenye tumbo la punda yule kilikuwa ni mama yake anaendelea kuzaa.

Tuliingia kwenye kazi, na ndiyo siku nilizozikumbuka Uyole mbele ya kile kioo. Kila asubuhi na kila alasiri Masanja alimlaza mtoto wa punda kwenye nyasi kavu, akamkalia bila kumwumiza, goti moja huku na goti moja huku. Mimi nilikishika kitovu kati ya vidole viwili, juu kabisa kinapoingia tumboni, nikasikiliza unene wake. Kilikuwa kigumu? Kilikuwa cha moto kuliko tumbo? Halafu nilibonyeza polepole kwenda mbele, upande wa ini, na kwenda nyuma, upande wa kibofu, nikimtazama mtoto usoni kama anakunja sikio kwa maumivu. Siku moja nilisema nahisi kama kuna kamba ndani, Masanja akasema, "Wapi?" Nikauchukua mkono wake nikauweka. Tulikaa hivyo, vidole vyake chini ya vyangu, tukimsikiliza mnyama kutoka nje, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nilichoma sindano za penisilini nilizoziombea ofisini kwa maneno matamu. Nilipaka dawa kali kwenye tundu ili lijifunge. Mama alilala na punda zizini na kubadilisha nyasi kabla hazijalowa, na bila nyasi zake dawa yangu isingefanya kitu. Lakini moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Nilimwombea mtoto apone, na kila nilipokuta kitovu kimekauka kidogo zaidi nilisikia safari ya Rukwa imesogea.

Mpaka siku ile jikoni. Mama alikuwa akisonga ugali, mimi na Doto tukipuliza moto wa kuni mbichi. Alikuwa akiongea na Doto kwa Kisukuma, kisha akabadili kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie. "Hii kitovu ikidondoka, tutazika hapa hapa. Pale karibu ya mlango ya zizi."

"Mtazika hapa, mayu?" nikauliza.

"Tunazika hapa. Baba yake ameshakubali."

Alitabasamu akiwa ameinama juu ya sufuria, na Doto akanipiga kiwiko. Sikuhitaji maelezo. Kwetu, na kwa kila mtu niliyewahi kusikia akiongea Kiswahili, mahali kilipozikwa kitovu ndipo nyumbani. Mtu ukimuuliza kwao ni wapi, anakwambia kitovu changu kimezikwa Kalenga, kimezikwa Tukuyu, na swali limekwisha. Kama Mzee Luhende amekubali kitovu cha mwana wa punda wa mkewe kizikwe Rujewa, basi Rukwa imekufa. Nilikula ugali ule kama mtu aliyetoka kufunga. Na kesho yake nilikwenda kwenye kile kitovu na nguvu mpya kabisa, si mtu aliyegawanyika tena. Nilikitaka kikauke. Nilikibembeleza. Nilikuwa nikimwambia yule mtoto wa punda kwa Kihehe, ili Masanja asielewe, fanya haraka, baba, fanya haraka.

Kilikauka. Tundu lilifunga, manyoya yakawa makavu siku nzima, magoti yakabaki membamba kama yanavyotakiwa, na ile kamba ya ndani ikapungua chini ya vidole vyangu mpaka nikawa siipati. Asubuhi moja Doto alikiokota kitovu kwenye nyasi, kipande cheusi mfano wa kijiti cha karafuu, akakifunga kwenye kona ya kanga. Wakanialika chakula. Nilivaa gauni langu la kanisani. Mama alipika wali wa Rujewa ule unaonukia na jogoo mzima, na Mzee Luhende alinipa firigisi kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo Masanja hakuipata. Baada ya kula Mama alipiga jembe mara chache pembeni mwa mlango wa zizi, akakilaza kile kipande, akamwaga maziwa kidogo, akafukia kwa unyayo. Alinitazama mimi alipokuwa akifukia. Hakumtazama mumewe wala watoto. Nami nilimtazama kwa furaha ambayo bado inaniaibisha, maana nilikuwa tayari, kichwani, nimeshaweka kitanda changu kwenye mojawapo ya zile nyumba tatu.

Nilirudi baada ya siku mbili, na nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijafika. Boma lilikuwa wazi. Mikeka ilikuwa imekunjwa, vibuyu vimefungwa kwenye nyavu, na Mwendapole amesimama na mzigo mgongoni, mtoto wake ubavuni akiruka ruka. Mzee Luhende aliniaga vizuri, akaniombea kwa Mungu wangu na wa kwake. Mama alinishika mikono yote miwili, akasema wabeja mara nyingi, na hakulia, na kule kutolia kwake nilikuchukua vibaya. Masanja alikuja mwisho, fimbo mabegani. Safari hii alisimama mbele yangu, uso kwa uso.

"Mnaenda," nikasema.

"Tunaenda."

"Sawa."

"Si umeona mama amezika?" akaniuliza.

Nilimwona kama ananicheka. Mtu ananivunjia nyumba, halafu anauliza kama niliuona mlango wake. "Nimeona," nikamwambia.

"Basi."

"Basi," nikasema, nikageuka wa kwanza. Nilitembea mpaka mferejini na hapakuwa na hatua nyuma yangu. Kilichofuata kilikuwa chumba, dirisha, na vumbi la pumba juu ya chai. Nilivumilia kiangazi nusu. Kisha nikaomba uhamisho, nikasema kifua changu hakipatani na vumbi la mpunga, jambo ambalo lilikuwa na ukweli kiasi, na kabla ya masika kuja tena nilikuwa Iringa nikikagua ngozi na nyama, na mchumba wangu wa kwanza kanisani alikuwa ameshaanza kunikalia benchi la karibu.

Ilipita miaka mingi. Niliolewa, nikazaa, nikahamishiwa Mbeya. Watoto wangu walikuwa wameshaanza shule nilipokwenda sokoni Uyole siku moja na mwanamke mnene akaacha gunia lake la mchele, akanishika mkono, akasema, "Bwana mifugo." Alikuwa Doto. Alikuwa ameolewa Chimala. Tulikaa juu ya magunia yake, tukashikana mikono, tukaulizana wazima na marehemu. Mzee alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa hai, haoni vizuri. Mwendapole alikufa kwa uzee, na yule mtoto alikuwa punda wa kutegemewa Rukwa nzima. Nilikuwa nikizungukazunguka swali moja, na Doto, ambaye siku zote aliichukua kazi niliyoiharibu akairudia upya, akanijibu kabla sijauliza. Masanja alikuwa na wake wawili huko huko Rukwa.

"Baada ya kukukosa," akasema.

"Kunikosa vipi?"

"Alikuja. Mwaka ule uliofuata, masika yalipoisha. Alikuja na baba mdogo na ng'ombe ya mahari. Wakakuta nyumba ya yule mama wa Kisangu, wakaambiwa hayupo. Wakaenda ofisini, wakaambiwa ameomba mwenyewe kuhama. Mwenyewe. Sasa sisi tukajua umekataa."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba atarudi. Sauti yangu ilikuwa juu, na mwanamke wa vitunguu pembeni aligeuka kututazama. Doto alinishangaa kweli. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto kitu ambacho kila mtu anakijua: kwao, nyumba yao, mahali wakipamaliza hawaziki kitu. Kitovu cha mnyama kinatupwa motoni, na wanaenda. Wanazika mahali ambapo mtu wao ana lazima ya kurudi. Baba yake alikataa mwanzoni, akasema kitovu kichomwe. Mama yake ndiye aliyekaa siku tatu bila kumpikia mpaka akakubali, kwa sababu alisema mkewe Masanja yuko Rujewa, na yule punda alikuwa wa mama yake, na kitovu kile kitazikwa mbele ya macho ya huyo mke ili ajue.

"Kwani hukuona mama alivyozika?" akaniuliza.

"Niliona."

"Sasa ulidhani ni nini?"

"Nilidhani mmebaki," nikasema.

Doto aliutazama mkono wangu uliokuwa ndani ya mkono wake, akaupapasa kidogo kwa kidole gumba.

"Sisi tulibaki, wifi," akasema. "Aliyehama ni wewe."